Mashine Arobaini na Hatua Sitini na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Zimefika! Seva arobaini, kompyuta za kutunzia kumbukumbu za ofisi, kila moja na boksi lake, zimepangwa koridoni kuanzia mlango wa choo cha wanaume hadi ofisi ya Mama Mkurugenzi. Ukitaka kupita unapita ubavu. Mchora ramani mmoja mwenye kitambi kajaribu, kakwama, karudi alikotoka. Kasema atajizuia mpaka saa ya kwenda nyumbani.

Mama Mkurugenzi katuita mimi na Baba. Ijumaa ya tarehe 14 anataka zote arobaini ziwe hai, na ramani zianze kuhama kutoka kwa Bibi. Bibi ndiyo seva yetu kuukuu, ana miaka kumi na moja na anakohoa vumbi. Humo ndani mna mipaka ya kila kiwanja cha mji huu — nani kaishia wapi, nani kaanzia wapi. Ikipotea hiyo, majirani watashikana mashati mpaka kiama.

Halafu akamgeukia Baba. Mzee, hii ndiyo kazi yako ya mwisho, mwisho wa mwezi tunakuaga kwa heshima zote. Baba akavuta tumbo ndani. Miaka thelathini na moja kwenye ofisi hii na hajapoteza ramani hata moja. Anasema hivyo kila siku, kwa kila mtu. Hata yule anayetuletea maji ya kunywa anaijua hiyo habari kwa moyo.

Naandika "Baba" kwa sababu ni baba mkwe wangu. Ndiyo. Nimeolewa na mwanawe, kisha nikaajiriwa nikawekwa chumba kimoja naye, meza zinatazamana. Aliyenipangia maisha ana mzaha! Wengine wote wanamwita Mzee Hatua. Mimi siwezi. Mimi ni Baba tu, hata siku ninayomkasirikia mpaka masikio yanawaka.

"Hatua" ni kwa ajili ya karatasi yake. Hatua sitini na moja, hati yake mwenyewe, wino wa bluu, pande mbili, kisha akaipiga nailoni isichafuke. Kusakinisha, kunakili, kurudisha — yote humo. Unachomeka flashi, unakaa mbele ya skrini, mashine inauliza nawe unajibu. Lugha gani? Saa za wapi? Diski ipi? Una hakika? Una hakika kweli? Saa mbili na nusu kwa mashine moja, na ukitoka kunywa chai unarudi unaikuta imekukodolea swali. Mara arobaini!

Nikasema, kwa adabu, mikono nyuma: kuna njia nyingine, Baba. Mashine mpya ukiiwasha inaweza kuita kwenye mtandao — mimi nani, nifanye nini? Naweka kompyuta moja ya kuitika. Inaipa anwani ya mtandaoni, inaipa Linux, yaani mfumo wa kuiendesha, inaipa na karatasi ya majibu kabla haijafungua mdomo kuuliza. Zote arobaini kwa mkupuo. Sisi tunakunywa chai.

Baba kanitazama kwa juu ya miwani. Akauliza mashine usiyokaa nayo utaijuaje tabia.

Mama Mkurugenzi kasema mimi nijaribu yangu, Mzee aanze na yake. Mlangoni kaninong'oneza kwamba kiti cha Mzee kitabaki wazi. Alisema hivyo huku anatazama dari, kana kwamba anazungumza na feni. Nimesikia, mama. Nakitaka hicho kiti. Nakitaka sana! Hapa sina haja ya kujifanya.


Jumanne, 4 Machi

Siku nzima naandika karatasi ya majibu. Ni faili tu, lakini raha yake! Kila swali la kero ambalo mashine imewahi kuniuliza, leo nimelijibu mapema. Lugha: hii. Saa: hizi. Nywila: hii hapa. Diski: futa zote, usiniulize. Una hakika? Nina hakika. Kweli? Nimekwambia nina hakika, nyamaza ufanye kazi.

Baba upande wa pili kafikia hatua ya ishirini na sita kwenye mashine yake ya kwanza. Anasoma kwa sauti. Akimaliza hatua anaigonga kwa kidole. Mara moja kaniuliza mbona sijasimama hata kuigusa mashine. Nikamwambia, Baba, ndiyo uzuri wenyewe. Kaguna.

Mume wangu nyumbani kauliza siku imekwendaje na baba yake. Nikasema vizuri. Akasema "vizuri" ya aina gani. Nikamwambia ale chakula kabla hakijapoa.


Jumatano, 5 Machi

Aibu! Aibu yenye miguu na mikono!

Nimechomeka kompyuta yangu ya kuitika kwenye mtandao wa ofisi, nikajaribu kwa mashine tatu. Zikaita, ikaitika, zikaanza kujisakinisha zenyewe. Nikapiga ngoma kwenye meza. Kumbe ikiitwa inamwitikia yeyote. Jengo zima! Kila kompyuta iliyowashwa asubuhi ile iliomba anwani, na yangu ikakimbilia kugawa. Wahasibu wakapotea mtandaoni. Printa ya ghorofa ya pili ikahama makazi. Katibu wa Mama Mkurugenzi kachapa barua ya siri ya nidhamu, ikatokea kwa wachora ramani — na barua yenyewe ilimhusu mmoja wao.

Halafu zile tatu nilizozisakinisha zote zimejiita jina moja. Seva-01, seva-01, seva-01. Ukiita moja wanageuka watatu.

Baba hakucheka. Afadhali angecheka! Alikuja taratibu na kiti chake, akaketi karibu yangu, akasema: andika orodha. Kila mashine ina namba ya kadi yake ya mtandao, imebandikwa mgongoni. Ziandike zote, moja moja, na jina lake. Aliye kwenye orodha aitikiwe. Asiyekuwepo aachwe aite mpaka achoke.

Ni ushauri mzuri. Unaniuma kwa uzuri wake. Namba arobaini, kila moja herufi kumi na mbili, za kusomwa kwa kulala kifudifudi na tochi mdomoni.

Nimepewa swichi yangu mpya, kisanduku cha kuunganishia waya za mtandao, mbali na mtandao wa watu wengine, ili nisambaze balaa kwa mashine zangu tu.


Alhamisi, 6 Machi

Saa nne kamili fundi umeme kakata umeme. Kila Alhamisi hufanya hivyo — anajaribu jenereta. Zile betri za kushikilia kompyuta zilikufa zamani, hakuna aliyezizika, kwa hiyo kila Alhamisi saa nne jengo lote linazimika na kuwaka tena. Watu wameshazoea. Saa nne kasorobo wanahifadhi kazi zao, wanasimama, wananyoosha migongo kama wako kwenye ibada.

Nikakaa nimwangalie Bibi akiamka. Betri yake ndogo ya kumbukumbu nayo imekufa. Kwa hiyo umeme ukikatika tu anasahau mipangilio yake yote, na kitu cha kwanza anachofanya ni kuita mtandaoni: jamani, kuna mtu? Anangoja dakika nzima. Hakuna anayejibu. Ndipo anakumbuka ana diski yake mwenyewe, anaendelea na maisha.

Miaka yote hiyo anaita! Nimecheka peke yangu.

Baba mashine tatu. Mimi sifuri, lakini sifuri yenye matumaini.


Jumatatu, 10 Machi

Ijumaa yote na leo yote sakafuni. Magoti yana alama za vigae. Nimeandika namba thelathini na moja. Tano alizozifanya Baba kwa mkono haziko kwenye hesabu yangu. Zimebaki nne. Hizo nne lebo zimechanika kwenye usafiri, ni vipande vya gundi tu.

Ningeweza kuziwasha moja moja, nisome namba kwenye skrini. Nusu saa ya kazi. Lakini nilikuwa na njaa, na mgongo, na hasira na watengenezaji wa gundi. Nikaongeza mstari mmoja chini ya orodha: asiyekuwemo humu, naye asakinishwe, apewe jina la mgeni. Mstari mmoja. Nne zote zitaingia humo.

Saa nane na dakika kumi nikaziwasha zote thelathini na nne, ukiacha moja ambayo Baba alikuwa bado anaisakinisha.

Jamani! Feni zote zililia pamoja. Skrini moja ya pamoja, mistari ikikimbia — imeita, imeitikiwa, inafuta, inaandika. Wachora ramani wakaja kusimama mlangoni. Hata yule wa barua ya nidhamu. Dakika ishirini na mbili! Thelathini na nne kwa dakika ishirini na mbili, na mimi mkono mmoja una kikombe cha chai.

Baba alikuwa kwenye hatua ya arobaini ya mashine ya sita. Akaichomoa flashi. Akaifunga kifuniko. Akaniambia nimchukulie na hiyo ya sita, nimwekee kwenye njia yangu.

Nilitegemea nitafurahi. Nimefurahi, ndiyo. Lakini nilipomwona anaitia ile flashi mfukoni nilitaka kumkumbatia, na mkwe humkumbatii, basi nikamwongezea sukari kwenye chai. Daktari kamkataza sukari.


Jumatano, 12 Machi

Kazi imeisha kabla ya siku. Nimemchomeka Bibi kwenye swichi mpya ili ramani zianze kuhamia kwenye seva mpya kesho mchana. Waya mmoja tu. Baba alimfuta vumbi kwanza, mgongoni na ubavuni, na kitambaa chake cha miwani.

Tumekaa wawili tukimsubiri fundi aje kutia kitasa kipya mlango wa chumba cha Bibi. Baba kaniambia angelijua njia hii miaka ishirini nyuma, mgongo wake ungekuwa mwingine. Akasema pia atamwambia Mama Mkurugenzi kiti ni changu, atamwambia kesho, kwa mdomo wake. Nimekuwa nikiomba kusikia hilo tangu niolewe, na nilipolisikia nilijifanya natafuta kalamu chini ya meza.

Nimemwambia mume wangu. Kanibeba mpaka jikoni! Kanitegua kidogo kidole, lakini kanibeba.


Alhamisi, 13 Machi

Nimesahau kuwa Alhamisi ni Alhamisi.

Naandika nimekaa chooni, ndipo mahali pekee ninapoweza kujifungia.

Saa nne kamili fundi umeme kakata umeme, kama desturi. Ukarudi. Bibi akaamka amesahau mipangilio yake. Akaita mtandaoni: jamani, kuna mtu?

Kulikuwa na mtu. Nimemweka mimi: kompyuta yangu ya kuitika. Akaangalia orodha, Bibi hayumo. Akafika mstari wa chini — asiyekuwemo humu, naye asakinishwe.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na mandazi mkononi nikaona kwenye skrini: mgeni-05, inafuta diski. Nikawaza, tano? Wageni wangu ni wanne. Nikahesabu. Nikahesabu tena, mimi mjinga, badala ya kukimbia! Nilipofika kwenye waya na kuung'oa, alikuwa ameshamaliza kufuta na ameanza kuandika. Bibi. Miaka kumi na moja. Karatasi yangu ya majibu ikamjibia kila kitu. Una hakika? Nina hakika.

Mama Mkurugenzi kaja. Nimemwambia mashine imejisakinisha yenyewe. Yenyewe! Kana kwamba imejifungua usiku bila mkunga. Akauliza nani aliiruhusu, nikasema mtandao. Akatoka kwenda kumfokea fundi umeme, maskini wa Mungu, aliyefanya kilekile anachofanya kila Alhamisi. Nami nikanyamaza. Niandike tena nilisome vizuri: nikanyamaza.

Baba ndiye pekee ambaye hakupandisha sauti. Kaweka mkono juu ya Bibi. Akasema mbele ya watu wote: hakuna kilichopotea, kila Ijumaa nimenakili, diski nne kwa zamu, ziko nyumbani kabatini kwangu. Kesho asubuhi nitarudisha mimi mwenyewe, kwa hatua zangu, na ofisi nzima ije ione. Akafunga chumba cha Bibi, ufunguo kautia mfukoni. Akanituma mimi nikazilete hizo diski.

Jamani, nilitaka kumbusu viatu.


Alhamisi hiyohiyo, alasiri

Ee Mungu wangu.

Diski ziko kabatini kwa mama mkwe, kati ya kanga zake na shuka za wageni. Kila Ijumaa kwa miaka yote Baba anachukua moja asubuhi na kuirudisha jioni, na mama mkwe analalamika kwamba mume wake anatandikia vyuma. Kanipa zote nne, kila moja imefungwa kitambaa, ina tarehe na sahihi ya Baba. Akaenda kunichemshia chai.

Sijui kwa nini nilichungulia. Nilikuwa na kompyuta ndogo begini. Nikakaa kwenye kitanda cha wakwe zangu, nikachomeka ya kwanza.

Tupu.

Ya pili tupu. Ya tatu, ya nne. Hazijaharibika, ni sifuri tu, sifuri mwanzo hadi mwisho, zimenakiliwa kwa uangalifu mkubwa.

Nimeielewa mara moja, na ndicho kinachoniua. Julai mwaka jana nilimwongezea Bibi diski ya tatu, ya akiba. Ilikaa katikati. Iliyokuwa ya pili, yenye ramani, ikawa ya tatu. Na hatua ya arobaini na nne ya Baba inasema: nakili diski ya pili. Kwa hiyo miezi minane, kila Ijumaa, Baba amevaa miwani, amesoma hatua kwa sauti, ameigonga kwa kidole, na amenakili utupu. Akautia sahihi. Akaubeba nyumbani. Akaulaza kati ya shuka.

Nilimwambia! Julai ileile nilimwambia: Baba, namba za diski zimesogea, ile hatua ibadilishwe. Akasema sawa mwanangu. Lakini karatasi imepigwa nailoni — kalamu haishiki. Nikaona haijabadilika. Nikaona tena mwezi uliofuata. Mtu mwingine ningemwambia mara kumi na ningemchapia mpya. Yeye ni baba mkwe. Ukishamwambia mara moja, mara ya pili ni kumfundisha kazi. Nikaacha.

Mama mkwe karudi na chai kanikuta nimetoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Akauliza kama nina mimba. Nikasema hapana, mama, ni kichwa tu.


Alhamisi, jioni

Nilirudi ofisini, nikaenda kwenye seva mpya moja iliyobaki koridoni, nikaweka picha elfu moja. Nikaisakinisha upya kwa karatasi yangu ileile. Nikang'oa waya palepale nilipong'oa kwa Bibi. Kisha nikatafuta.

Zilikuwemo! Kufuta kwa haraka namna ile kunafuta orodha ya yaliyomo, hakuyafuti yaliyomo. Kati ya elfu moja nimepata mia tisa themanini na moja. Hazina majina, zimechanganyika kama nguo za kufua, lakini zimo.

Basi ramani za Bibi bado zimelala pale ndani. Itachukua wiki kuzikusanya, labda mbili. Ila kwa sharti moja: hakuna mtu kuandika chochote juu yake.

Na kesho asubuhi Baba ataandika juu yake. Sifuri. Mbele ya ofisi nzima.

Nimekwenda kwake. Nilipanga maneno njiani. Nimemkuta anampigia mama mkwe hadithi ya kesho kana kwamba imeshatokea, anaonyesha kwa mikono jinsi ramani zitakavyorudi moja moja, na jinsi atakavyonikabidhi kiti. Kanyoa. Suti imetundikwa mlangoni. Nikaanza, Baba, kuhusu zile diski. Akasema diski ziko mikono salama, wewe kalale, umechoka, kosa lako nimeshalisamehe na hakuna atakayelijua.

Anajua! Anajua ni mstari wangu. Kasoma faili yangu mwenyewe, hatua kwa hatua, na amenificha mbele ya Mama Mkurugenzi.

Sikuweza. Nimeaga nikatoka.

Mume wangu nimemweleza kila kitu. Nikamwambia nenda wewe, ni baba yako. Akasema ni baba yangu lakini ni mambo ya kazini kwenu. Akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Mwoga! Wote ni waoga ndani ya nyumba hii, na kiongozi wao ni mimi.


Ijumaa, 14 Machi

Saa mbili getini nilimngoja. Alishuka na suti. Nikasema nahitaji dakika tano, sisi wawili. Akasema nikimaliza, mwanangu. Nikamshika mkono wa koti — sijawahi! Akautazama mkono wangu, nikauachia. Mama Mkurugenzi alikuwa ameshafika, na katibu wake, na wachora ramani wote, na fundi umeme kasimama nyuma kabisa kama mshitakiwa.

Saa tatu alifungua chumba. Karatasi kaisimamisha kwenye kikombe cha kalamu. Hatua ya hamsini na moja ndiyo inaanza kurudisha. Anasoma kwa sauti, anafanya, anaigonga.

Hatua ya hamsini na tatu: hakikisha mashine ina diski mbili. Akahesabu tatu. Akaitoa ile yangu ya akiba, akaiweka mezani, kama mtu anayetoa kokoto kwenye mchele. Kwa hiyo sasa ya pili, ile atakayoiandikia, ndiyo yenye ramani. Kila kitu kimerudi kama karatasi inavyotaka, siku ambayo haifai.

Hatua ya hamsini na saba ni kukagua afya ya diski ya nakala. Dakika ishirini za kungoja. Diski ni nzima, afya yake haina neno, itapita mtihani vizuri sana! Baba anawapigia watu soga za miaka thelathini na moja. Wanacheka. Hatua ya hamsini na nane ni kubonyeza Enta.

Mimi niko sakafuni nyuma ya Bibi, daftari gotini. Wanadhani naandika namba za waya.

Mambo ninayoweza kusema, kwa sauti, sasa hivi: Baba, diski zako ni tupu. Maneno matano. Mbele ya Mama Mkurugenzi, siku ya suti. Kisha nieleze na Julai. Kisha nieleze na mstari. Kiti nimeshakiaga moyoni, kiende tu. Lakini uso wake, jamani. Akipoteza hilo moja la kujisifia, atakwenda nyumbani na nini?

Na nisiposema, watu wa mji mzima watabaki hawajui ukuta wao unaishia wapi.

Dakika kumi na moja.

Nimeandika kikaratasi. Nimechana ukurasa wa nyuma wa daftari hili. "Baba usibonyeze. Diski zote nne ni tupu tangu Julai. Ramani bado zimo kwa Bibi, naweza kuzitoa nikipewa wiki mbili. Makosa ni yangu, nitasema mimi. Nisamehe." Nimempa fundi umeme, nimemwonyesha kwa kidole. Kapita kati ya watu, kampa Baba ukurasa.

Ameusoma. Najua ameusoma wote, akisoma midomo yake hutembea. Imetembea, ikasimama, ikarudi mwanzo, ikatembea tena.

Hakugeuka kunitazama.

Ameukunja mara mbili. Mara tatu. Ameutia mfuko wa shati, nyuma ya kalamu, akaupigapiga ukae vizuri. Mama Mkurugenzi kauliza kuna nini. Kasema ni mambo ya nyumbani, mkwe wangu ana wasiwasi mwingi.

Skrini imeandika ukaguzi umekamilika.

Anavua miwani. Anaifuta. Anaivaa.

"Hatua ya hamsini na nane," kasema, sauti yake imara kabisa, na kidole kimeinuka.

Mkono wangu wa kushoto umeshika waya wa umeme wa Bibi. Nimeshaulegeza. Mama Mkurugenzi anauliza nafanya nini huko chini. Baba anasema mwacheni, halafu anasema taratibu, bila kugeuka, kana kwamba anasoma kwenye karatasi: mwanangu, kama unavuta, vuta sasa, kabla sijabonyeza. Nimevuta.